Mlolongo wa Kangemi

Riruta,
3 Septemba 2007

Kwa Bwana Kihara Mungai,

"Tukiwapima viongozi wetu tangu uhuru bila chuki, hatuna budi kukiri kwamba walipokea nchi changa, wakailea hadi ikasimama. Makosa yalikuwepo, lakini yalikuwa makosa ya wazazi waliokuwa wakijifunza kulea."

Hayo ni maneno yako katika gazeti la jana, chini ya picha yako ukiwa umevaa tai. Mwishoni umewapa alama sabini kwa mia.

Mzazi anayejifunza kulea huunguza uji. Hauzi blanketi la mtoto. Nimesahihisha mitihani miaka ishirini na saba, na ninamjua mwanafunzi ambaye hakusoma: huanza na sentensi nzuri, huipigia mstari kwa rula, halafu hujaza ukurasa kwa hewa. Insha yako ni hiyo. Umetaja barabara, shule na amani. Hukutaja kwamba viwanja vya shule vilikatwa vipande, wakubwa wakagawiana kama keki ya harusi. Hukutaja watu waliofungwa bila kesi. Simama Kangemi kwenye ukingo wa bonde utazame ng'ambo, Loresho. Huku watu sitini wana choo kimoja, kule mtu mmoja ana mabomba ya kunyunyizia nyasi. Ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, na miaka arobaini na minne ya uhuru haikutosha kuumaliza. Hiyo si ajali ya malezi. Mtu fulani alikaa mezani akaamua maji yaishie wapi.

Hata hivyo, makala yako ningefungia maandazi nikasahau. Kilichonishikisha kalamu ni maneno madogo chini ya jina lako, yanayosema umeteuliwa kuwa mmoja wa wasimamizi wa kura za Desemba, huku kwetu magharibi mwa jiji.

Wewe? Mwaka wa 1988, katika kura za mlolongo, watu walipopanga foleni mchana kweupe nyuma ya picha ya mtu waliyemtaka, ulikuwa D.O. wetu, afisa wa tarafa, na ndiwe uliyesimamia uwanja wa shule kule Kangemi. Ndugu yangu mkubwa, Mutinda, alisimama udiwani dhidi ya Haron, mtu wa chama, mwenye duka la simiti. Foleni ya Mutinda ilizunguka uwanja. Ya Haron ingeenea ndani ya darasa moja. Ukapanda juu ya dawati, ukashika kipaza sauti, ukasema Haron ameshinda. Mutinda alipopinga, alichukuliwa na polisi siku ya tatu. Alikaa ndani miezi kumi na minne bila kushtakiwa, akarudi akikohoa damu. Tulimzika Machi 1991. Alikuwa na miaka arobaini.

Tangazo linasema mwenye pingamizi dhidi ya msimamizi yeyote alilete kabla ya jioni ya Ijumaa, tarehe 16 Novemba. Nitaleta langu, na nitaleta watu. Nakuandikia mapema ili usije ukasema ulipigwa kisogoni.

Kaindi Mwololo


Lavington,
12 Septemba 2007

Mwalimu Kaindi,

Salamu. Barua yako niliisoma barazani, na mke wangu akaniuliza kwa nini nacheka. Nikamwambia kuna mwalimu Riruta amenipa sifuri.

Pole kwa ndugu yako. Hilo nalisema bila mzaha. Lakini unanipa ukubwa ambao sikuwa nao. Mwaka ule hapakuwa na afisa hata mmoja aliyeamua lolote uwanjani. Karatasi iliandikwa ofisini, nikaletewa, nikaisoma. Ningeikataa, angeisoma mwingine kabla ya chakula cha mchana, na mimi ningerudishwa kijijini kuchunga mbuzi. Ndiyo nchi tuliyokuwa nayo. Unawahukumu watu wa jana ukiwa umekaa kwenye kiti cha leo, wakati kila mtu anatukana serikali redioni asubuhi na hakuna anayemgusa. Uhuru huo wa kutukana uliletwa na nani, kama si watu waliovumilia ndani mpaka mambo yakabadilika?

Na wewe je? Najua una safu yako ya kila wiki katika kile kigazeti kinachochapishwa karibu na River Road, unachoma watu humo kama mahindi. Lakini chaki uliyoshika ilinunuliwa na nani? Mshahara wa serikali hiyo hiyo uliupokea kila mwisho wa mwezi. Sikumbuki kusikia umewahi kuurudisha.

Njoo Westlands tunywe chai, watu wazima wawili. Mambo ya pingamizi yatakuchosha bure. Nilifanya kazi ofisini miaka thelathini na mmoja, nami najua jinsi faili hupotea.

Wako,
Kihara Mungai


Riruta,
24 Septemba 2007

Bwana Kihara,

Chai kanywe na wenzako.

Jumamosi mbili nimezimaliza Kangemi, mlango kwa mlango. Nimepata watu kumi na mmoja walio tayari kula kiapo mbele ya wakili. Milcah, anayeuza mitumba, nilipotaja jina lako tu alisema, "Huyo? Huyo nitamjua hata akikuja amevaa ngozi ya ng'ombe." Mzee Were, fundi wa viatu, hata hakuacha kushona. "Mwalimu, mimi niandike wa kwanza. Sina kazi ya kufutwa, sina shamba la kunyang'anywa. Watanifanya nini, wachukue hii sindano?"

Unasema uliletewa karatasi. Nani aliileta? Alikuwa na miguu, basi ana jina. Hapa ndipo viongozi wako wote wanapoanguka katika mtihani wangu. Kila mmoja aliletewa. D.O. aliletewa na mkuu wa wilaya, mkuu wa wilaya aliletewa na katibu, katibu aliletewa na waziri, na waziri ukimuuliza atakuambia aliletewa na hali ya nchi. Marais watatu, mabunge tisa, na katika Kenya nzima hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kushika kalamu. Ukifukuzwa kwenye ardhi yako, ni karatasi. Ukifungwa, ni karatasi. Nchi imeibiwa na karatasi ambazo hazikuandikwa na mtu.

Watu wangu hawa kumi na mmoja walisimama nyuma ya Mutinda bila kujificha, kama nilivyosimama mimi, wakijua kila uso unatiwa alama. Hawakuletewa miguu. Walikwenda wenyewe. Na wewe, uliyewadhulumu, unataka kukaa tena kwenye meza ile ile. Hutakaa.

Kaindi Mwololo


Lavington,
1 Oktoba 2007

Mwalimu,

"Kama nilivyosimama mimi." Sentensi hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko ulivyosoma makala yangu.

Umesahau kwamba mimi ndiye niliyekuwa juu ya dawati. Kutoka pale niliona vichwa vyote. Kwenye foleni ya Haron walikuwepo walimu saba, wamefuatana, wa kwanza wao mwalimu mkuu wenu, mbele kama mama kuku. Wa sita alikuwa kijana mwembamba mwenye koti la kaki, akitazama viatu vyake. Nilimuuliza chifu, "Yule si mdogo wake Mutinda?" Chifu akasema, "Ndiye, bwana." Tukacheka. Ndugu yako alikuwa amesimama kando ya picha yake, hatua ishirini hivi kutoka kwako. Wewe hukuinua macho, kwa hiyo nikuambie: yeye aliinua.

Sasa unauliza viongozi wetu wamefanya nini tangu uhuru. Walifanya yale ambayo watu wanaweza kuyafanya wakiwa na mwalimu Kaindi amesimama nyuma yao, kimya, akihesabiwa. Mimi nilitangaza uongo mmoja, mara moja, kwa sauti, mbele ya watu wote. Wewe umetangaza wako kila wiki kwa miaka na miaka, na ukawapa watu wausome.

Nakala ya barua hii nimempelekea shemeji yako mjane, pale kibandani kwake sokoni. Ni haki yake kujua amekuwa akimkaribisha nani.

Peleka pingamizi lako sasa.

Kihara Mungai


Kangemi,
9 Oktoba 2007

Shemeji Kaindi,

Nakuandikia kwa sababu nimengoja siku sita uje na hujaja. Simu yako inalia tu.

Barua ya yule mzee ililetwa na dereva wake. Alinikuta napanga nyanya. Akasema, "Mathe, nimeambiwa nikupatie mkononi na ningoje jibu." Nikamwambia jibu ni nyanya za ishirini, kama hanunui atoke kwa mlango wa biashara. Akanunua, maskini.

Yeye anadhani ameniletea habari. Mutinda aliniambia siku ile ile, kabla hata hajaketi. Alisema, "Mbithe, nimemwona Kaindi kwa Haron." Nilipoanza kukutukana alininyamazisha, akasema una mke mwenye mimba na mwalimu mkuu mwenye mdomo mrefu kwa chama. Alikuonea huruma. Mimi sikukuonea na bado sikuonei.

Miaka hiyo yote umekuja hapa kila Krismasi na unga na sukari, unakaa kwa kile kiti chake, unawatukana mawaziri mmoja mmoja mpaka chai inapoa. Nami nakutazama. Nilikuwa nasema moyoni, leo atasema. Leo. Watoto wamekua, wameoa, wewe bado uko na mawaziri. Ulipoleta hayo makaratasi ya kiapo mwezi uliopita nilikuambia nitafikiria. Ulidhani naogopa. Nilikuwa nataka kuona kama jina lako liko, na chini yake umeandika nini. Halikuwepo. Umekusanya viapo vya watu wote isipokuwa chako.

Na kuna jambo wewe hulijui kwa sababu ulikuwa kwa ile foleni fupi. Huyo mzee anasema aliletewa karatasi. Karatasi labda ililetwa, lakini kuhesabu alihesabu yeye, na mguu wake. Alipita akigusa kila mtu begani na kalamu, moja, mbili, tatu, kama mtu ananunua mbuzi. Foleni yetu ilikuwa ndefu, ikapinda nyuma ya vyoo vya shule. Alifika kwenye kona. Mimi nilikuwa wa nne baada ya kona, na mwanangu Kavata mgongoni. Niliona kiatu chake na mkono wenye kalamu. Akachungulia, akatuona, tumejaa huko mpaka kwenye ule ua wa miiba wa kei-apple. Halafu akageuka akarudi. Tulingoja pale tukidhani ameenda kuita mwenzake amsaidie. Tukasikia kipaza sauti.

Hiyo nitaiapia, na niko na majina ya wanawake wanane waliokuwa huko nyuma nami. Huyo mzee nataka nimwone akisomewa hayo mbele ya watu. Nimeitaka hiyo siku kuliko ninavyotaka pesa. Lakini sitatia kidole changu mpaka uandike chako, na kiwe juu ya vyote. Uandike ulikosimama. Usianze na mwalimu mkuu, usianze na mimba ya mke wako. Anza na miguu yako.

Na kama huwezi, Krismasi baki kwako na unga wako.

Mbithe


Riruta,
13 Oktoba 2007

Shemeji Mbithe,

Sikuja kwa sababu niliona haya. Siku tatu nilifika hadi kituo cha mafuta nikarudi.

Nimeanza kiapo changu mara tano. Kila mara mwalimu mkuu anaingia katika sentensi ya kwanza. Ni kweli alituita ofisini siku moja kabla, akasema atakayeonekana mahali pasipofaa atafundisha ngamia huko jangwani Mandera kuanzia Jumatatu. Lakini umesema nisianze naye, basi nimemtoa. Nilivyoandika ni hivi: "Mimi, Kaindi Mwololo, nilisimama kwenye foleni ya Haron, wa sita, dhidi ya ndugu yangu wa tumbo moja, na nikabaki pale mpaka nikahesabiwa." Yanayofuata ni tarehe na mahali tu.

Nilimwambia kila mtu kwamba nilisimama kwa Mutinda. Nilianza kusema hivyo kwenye mazishi, watu walipokuwa wakinishika mkono. Baada ya hapo nilisema kwa hasira, na hasira ikafanya ionekane kweli.

Hadithi ya kona sikuijua. Kalamu ya kugusa mabega niliiona, ilinigusa mimi pia. Sikujua ilikoishia.

Jumatano nitakuwa kwa wakili mjini saa nne. Njoo na hao wanane. Nitakuwa nimeshatia sahihi kabla hamjafika, na wakili atakuonyesha kwanza.

Kaindi


Lavington,
5 Novemba 2007

Ndugu Kaindi,

Nakala ya viapo aliyonitumia wakili wenu nimeipata. Ishirini na kimoja, na chako juu. Sikutarajia hicho, na idadi ya wale wanawake sikuitarajia kabisa.

Nimesikia pia kwamba unataka kuvichapisha katika safu yako kabla ya Ijumaa ile. Ndiyo sababu naandika kwa mkono, na sitaweka nakala.

Yule mama amesema kweli. Nilifika kwenye kona. Nilikuwa nimefika mia tatu na themanini na kitu, na Haron alikuwa na mia moja na arobaini. Nikachungulia nikaona foleni haina mwisho. Kando ya lango kulikuwa na Peugeot nyeupe, na mtu ndani yake aliyekuwa akinitazama tangu asubuhi. Alishusha kioo tu. Nikageuka. Nilipofika kwenye dawati karatasi ilikuwa tayari mezani, na haikujali hata hao niliokuwa nimewagusa. Kwa hiyo sikukudanganya kabisa nilipokuambia niliisoma tu. Sikukuambia yote.

Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Wewe ulikuwa mdogo kwangu. Tulikuwa waoga wawili katika uwanja mmoja, Kaindi. Kwa nini mmoja awe hakimu wa mwenzake?

Haya ndiyo ninayokuomba. Nitajiuzulu wiki hii kwa sababu ya afya. Daktari wangu ana chumba pale Upper Hill, barua ataandika. Utapata unachotaka: sitakaa kwenye meza yoyote Desemba. Wewe usichapishe. Nina wajukuu wanaojua kusoma, na kanisani mimi ni mzee wa kanisa. Na zaidi ya hayo, ukichapisha changu unachapisha chako. Wanao nao wanasoma.

Nijibu kabla ya Jumapili.

Kihara


Barua ya wazi, katika safu ya wiki hii
Riruta, 12 Novemba 2007

Kwa wote mliokuwa katika uwanja wa shule, Kangemi, siku ya mlolongo,

Bwana Kihara Mungai, ambaye nimebishana naye kwa barua wiki nyingi, ameniomba nisichapishe mnachokisoma. Badala yake atajiuzulu kwa ugonjwa. Nimekataa. Wamekwisha kutuponyoka wengi kwa njia hiyo. Aliyeuza msitu alistaafu kwa sababu ya sukari. Aliyefungia watu alistaafu kwa sababu ya mgongo. Ukisoma historia ya viongozi wetu tangu uhuru utadhani hii ni nchi iliyotawaliwa na wagonjwa. Mtu aondoke kwa alilotenda, likiwa limeandikwa, wajukuu wakiwepo. Mutinda naye alikuwa na watoto, na walijua kusoma siku jina la baba yao lilipotajwa redioni kuwa mchochezi.

Ameniuliza pia kwa nini mwoga mmoja amhukumu mwenzake. Swali ni zuri na ninalijibu. Mimi niliyemtukana kila kiongozi katika ukurasa huu nilisimama kwa Haron. Nimewadanganya, ninyi wasomaji, kwa miaka kumi na sita, na aliyependa kuacha kunisoma ana haki. Lakini sijaomba kusimamia kura ya mtu. Yeye ameomba. Mwoga aliyetubu hana haja ya kurudishiwa kalamu ile ile na bega lile lile.

Niliwahi kuandika hapa kwamba viongozi wetu walishindwa kwa sababu walikuwa wezi. Naongeza sasa: wizi wao ulihitaji mtu wa kufika kwenye kona na kurudi, na ulihitaji watu wa foleni fupi, waliovaa vizuri, wanaojua kusoma, wa kusimama ili ionekane kuna foleni. Mkubwa ndani ya Peugeot hakushuka. Hakuwa na haja ya kushuka. Nampa sifuri yeye, nampa sifuri Bwana Kihara, na yangu nimejiandikia mwenyewe. Hakuna atakayepata sabini hapa kwa sababu mwenzake alikuwa mbaya zaidi.

Viapo ishirini na kimoja viko katika kurasa mbili zinazofuata, pamoja na barua ya Bwana Kihara ya tarehe tano, neno kwa neno. Aliandika kwamba haweki nakala. Sasa anazo elfu nne.

Ijumaa hii tarehe 16 tunapeleka pingamizi mjini. Tutakutana saa mbili asubuhi mbele ya soko la Kangemi. Mbithe Mutinda atakuwa pale na kitabu. Ninyi mliokuwa nyuma ya kona na hamjaandikishwa, mnajuana. Njooni, na mlete wenzenu waliohamia Kawangware na Kinoo.

Lakini barua hii hasa nimewaandikia watu watano. Pamoja na mwalimu mkuu tulikuwa walimu saba katika foleni ya Haron. Yeye amefariki. Wawili wenu sasa ni wakuu wa shule, mmoja yuko wizarani, mmoja ana duka la vitabu mjini, na mmoja husali katika kanisa moja nami, Jumapili baada ya Jumapili, na hatujawahi kutazamana. Majina yenu ninayajua yote, na sikuyachapisha leo. Nimewapa hadi Ijumaa, saa mbili. Njooni kwa miguu yenu, mwandike mlikosimama chini ya jina langu, mbele ya mjane wake. Asiyekuja, nitamwandika mimi katika toleo la Jumatatu, kwa jina lake, jina la baba yake, na kazi anayoifanya.

Kaindi Mwololo